Giga Nane au Kumi na Mbili kwa Skrini Yako Pana

Shuleni, Mpumudde, Jinja
Jumapili mchana, baada ya ibada

Kaka yangu Mafabi,

Leo naapa kukueleza yote yaliyotokea dukani jana, hata yale yatakayokukasirisha. Nikikuficha hata neno moja utalisikia kwa Shangazi, naye atalieleza huku akicheka na kuruka yaliyo muhimu. Basi afadhali ulipate kwangu, kwa utaratibu.

Kwanza salamu. Mguu wa Mama unaendeleaje? Shangazi anasema ameanza kupanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Kama ni kweli, mwambie nimefurahi sana. Kama ni Shangazi ametia chumvi, mwambie apumzike. Baba bado yuko zamu ya usiku huko gerezani? Mimi ni mzima. Kikohozi kimekwisha. Chakula ni ugali wa posho na maharage, na kesho maharage na posho, na Matroni bado anahesabu vijiko kana kwamba tutavipeleka sokoni. Unisamehe kwa Kiswahili hiki cha darasani. Najua kwetu tunazungumza kile cha kambi ya askari wa magereza tulichokulia, lakini mwalimu wetu anasema mtu anayewaandikia ndugu zake ovyo ataandika ovyo kwenye mtihani pia.

Sasa nije kwenye kadi yako ya picha.

Kaka, kwa heshima zote, umenichosha. Wewe ulinunua skrini kabla ya kompyuta. Sijawahi kusikia mtu aliyenunua pazia kabla ya kujenga nyumba, lakini ndivyo ulivyofanya. Ofisi moja hapo Mbale ilifunga, ukaiona ile skrini pana iliyopinda kidogo kama karatasi inayotaka kujikunja, ukaipenda, ukaileta nyumbani Nkoma imefungwa kwenye blanketi la Mama. Ndipo ukakumbuka kwamba skrini haichezi gemu yenyewe. Kompyuta ukaipata kwa mtu, nzuri tu, lakini haina kadi ya picha, ile inayoichorea skrini gemu. Ukamwambia Baba, "Nambozo yuko Jinja, na yuko klabu ya kompyuta, yeye atachagua." Mimi! Mtu ambaye haruhusiwi hata kuwa na simu!

Halafu maagizo yakaanza. Jumamosi Matroni aliponipa ruhusa nikafika Walukuba kwa Shangazi, nilimkuta kwenye cherehani, simu imewekwa juu ya rundo la kaptura za shule, akanichezea sauti zenu moja baada ya nyingine huku mguu wake ukikanyaga pedali. Ya kwanza ni wewe: "Mwambie achukue giga nane, asibishane na mtu." Ya pili ni rafiki yako Wamono: bila giga kumi na sita tusijisumbue, afadhali tununue redio. Ya tatu ni wewe tena, umebadilika: "Achukue kumi na sita kama ataipata kwa bei ya nane." Kaka! Ataipata wapi? Ya nne ni Baba. Nilimpenda na nilichoka kwa wakati mmoja. Alisema kwa ile sauti yake ya paredi: "Nambozo, nimeambiwa gemu moja ina giga sabini. Sasa hiyo kadi ya nane itaiweka wapi? Tumieni akili."

Tafadhali msomee Baba sehemu hii polepole. Gemu haikai kwenye kadi. Gemu inakaa kwenye diski, kama mahindi yanavyokaa ghalani. Giga za kadi ni mahali pa kufanyia kazi: kadi inaweka pale picha inazozihitaji sasa hivi, miti, barabara, nyuso za watu, ili izichore haraka. Na giga za kompyuta yenyewe ni kitu cha tatu. Kwa hiyo mtu asijumlishe za kompyuta na za kadi akasema tuna nyingi. Niliwasikia wewe na Wamono mkizijumlisha. Niliwasikia kwa masikio yangu.

Tukaenda mjini. Duka ni la Mama Jyoti, mama wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Jinja, na Kisoga chake ni bora kuliko changu mara kumi. Analo sharti moja, na alitusomea kabla hata hatujauliza bei. "Kwangu mtu anajaribu hapa mezani, anaona kwa macho yake, anachukua. Akivuka mlango, hiyo kadi ni mtoto wake. Asinirudishie mtoto wake."

Ndiyo desturi ya maduka yote ya mtaa ule, na siilaumu. Lakini weka sharti hilo akilini, kwa sababu ndilo lililotaka kutuangusha.

Fundi wake ni Afande Okello. Alikuwa jeshini, upande wa redio, na watu bado wanamwita afande, naye anaitika. Akachomeka kadi mpya ya giga nane kwenye kompyuta ya dukani, akafungua gemu ya mbio za magari. Kaka, iliruka! Gari lilipita mitaani kama ambulansi. Wateja wawili waliokuwa wakingoja chaja wakaacha chaja wakatazama.

Shangazi akapiga makofi. "Hiyo hiyo! Lipa twende, nimeacha sare za watu hazina vifungo."

Nikasema, "Shangazi, ngoja kidogo. Hii skrini ya hapa ni ndogo."

"Skrini ni skrini."

"Ya Kaka ni pana. Nukta zake za picha ni zaidi ya mara mbili ya hizi."

Afande Okello akaweka bisibisi mezani. "Wewe mutoto ya shule, sikia. Picha imetoka? Imetoka. Feni inazunguka? Inazunguka. Sasa unataka kadi ikupigie saluti?"

Watu wakacheka. Nikaona aibu, nakiri. Lakini nilifikiria kile chumba cha mbele cha nyumbani unachotaka kukifanya cha gemu. Baba alisema mbele yetu sote kwamba chumba ni chako mpaka mimi nifunge shule. Nikirudi nikute watu wanacheza humo na wanalipa, kitaendelea kuwa chako. La sivyo anampa yule mama wa saluni, na yule mama, Kaka, ameshapima ukuta wa kutundika kioo chake. Kadi hii hairudishwi. Hatuna pesa ya kadi ya pili. Na tangu kazi yako ilipokwisha sijakuona ukiamka mapema kwa ajili ya kitu chochote isipokuwa chumba hiki. Kwa hiyo sikuondoka pale mezani.

Nikajaribu kumweleza Shangazi kwa kazi yake. "Ukiletewa mapazia ya ukumbi mzima, ukayashonea kwenye ile meza yako ya kushonea vitambaa vya mkono, itakuwaje?"

Hakufikiri hata kidogo. "Kitambaa kitaanguka chini. Kila mshono nainama kukiokota. Siku nzima mgongo tu."

"Basi ndivyo kadi inavyofanya. Giga zake zikijaa, vitu vingine vinaanguka kwenye giga za kompyuta, ambazo ni za mwendo wa pole kwake. Kila ikivihitaji, inainama."

Alinitazama, akamtazama Afande, na kuanzia hapo, Kaka, nilipoteza udhibiti wa mazungumzo. "Afande!" akasema. "Kumbe unatuuzia meza ndogo! Toa meza kubwa!"

"Mama, mimi siuzi meza, mimi nauza—"

"Toa meza kubwa!"

Akaileta ya giga kumi na mbili. Ni ya toleo la zamani kidogo, imetumika, lakini safi, na bei yake inaizidi ile mpya kidogo tu. Ya kumi na sita ilikuwepo moja, Mama Jyoti alinionyesha, na nilipoona bei nikairudisha kwa mikono miwili kama yai. Kuichukua hiyo ni kukosa pesa ya pawa saplai, ile ya kuilisha kadi umeme wa kutosha, na kompyuta yako itakaa hapo na kadi nzuri isiyowaka. Mwambie Wamono anunue redio.

Tukajaribu ya kumi na mbili kwa gemu ile ile. Hapa nikaaibika zaidi, maana ilikuwa ya pole kuliko ya nane. Ilienda vizuri, lakini kama mtu aliyetoka kula. Afande akakunja mikono. "Sasa? Umeona? Nane inakimbia. Kumi na mbili inatembea."

Nilikuwa na jambo moja tu lililobaki. Madam wa kompyuta alituonyesha klabuni, kwenye laptopu yake, kwamba unaweza kuiamuru kadi ichore picha kubwa kuliko skrini iliyopo, kisha picha ikabanwa ili itoshe. Kadi inafanya kazi yote kana kwamba ina skrini kubwa mbele yake. Nikamwomba Afande, kwa adabu, atafute mahali hapo kwenye mipangilio.

"Hiyo haiko."

"Iko, Afande. Chini kidogo. Hapo. Hapana, umepita."

Akaipata. Alivuta kiti akakaa, na tangu hapo hakuniita mtoto wa shule tena. Maandishi yote yakawa madogo kama sisimizi. Akaweka picha za kina cha juu kabisa, akafungua namba ndogo pembeni inayoonyesha giga ngapi zimetumika, akairudisha kadi ya nane.

Na umeme ukakatika. Sisi hapa tunaoishi karibu na bwawa la umeme kuliko ninyi nyote! Tulikaa gizani, Shangazi akilalamikia vifungo vyake, Mama Jyoti akitupa njugu za kukaanga zenye pilipili, mpaka nikaanza kuogopa kwamba Matroni ataandika jina langu ukutani kwa kuchelewa. Ulipowaka, tukaanza upya.

Mzunguko wa kwanza kadi ya nane ilienda vizuri, nikaanza kujiuliza kama nimewasumbua watu bure. Kisha gari likaingia mjini, penye umati wa watu na mataa na majengo ya vioo. Namba ya pembeni ikafika mwisho. Gari likakwama, likaruka, likakwama tena, likajikuta ukutani.

"Kitambaa kimeanguka," akasema Shangazi.

Ya kumi na mbili ilipita pale pale bila kushtuka. Haikuwa na haraka, ila haikukwama hata mara moja, na namba ya pembeni ilikaa chini ya kikomo chake. Afande akatikisa kichwa. "Hii iko sawa kwa kazi kubwa," akasema. "Mimi siwezi kukataa."

Ungekuwa pale ungenunua hapo hapo, nakujua. Lakini niliapa kukueleza yote, kwa hiyo hili nalo lisome. Nilimwomba Afande airudishe ya nane, apunguze kina cha picha ngazi moja tu. Ikaacha kukwama. Ikakimbia tena, na mbele ya ile ya kumi na mbili. Kwa hiyo upana wa skrini peke yake haumalizi giga. Kinachozimaliza ni upana pamoja na gemu nzito pamoja na mtu anayetaka kila jani la mti lionekane. Kwa gemu nyepesi, giga nane zinatosha hata kwenye skrini yako, na kadi ile ni mpya na haijatumiwa na mtu.

Ndipo Mama Jyoti, ambaye muda wote alikuwa akila njugu tu, akauliza, "Kwani ninyi mnataka kucheza nini?"

Nikamtazama Shangazi. Shangazi akanitazama mimi. Kaka, giga, bei, feni, diski, vyote tulivijadili mpaka Baba akaingia na sauti ya paredi, lakini hilo hakuna aliyelisema. Shangazi akakupigia simu. Unakumbuka ulivyojibu?

"Gemu zote!"

"Zote zipi?" akauliza.

"Zote, Shangazi! Mwambie achukue inayocheza zote!" Kisha simu yako ikazima, kwa sababu wewe huchaji simu mpaka ife.

Mama Jyoti akakung'uta chumvi mikononi. "Inayoitwa Zote," akasema, "haiko dukani kwangu."

Afande Okello alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira ya kulia machozi, na nilikumbuka likizo iliyopita, wanafunzi wa Nkoma waliojazana kwenye kile chumba cha nyuma ya duka la dawa, mbele ya televisheni ndogo, wakicheza mpira. Mpira tu. Wawili wanacheza, wengine wanatukana, aliyefungwa anatoka na kulipa. Sikuona hata mmoja akicheza gemu ya kutembea peke yake msituni kwa saa tatu akitazama majani. Hiyo ni wewe unayeipenda. Ulinionyesha video yake kwenye simu ukasema, "Hebu fikiria hii kwenye skrini pana." Macho yako yaling'aa. Labda ndiyo sababu skrini ilinunuliwa. Silaumu. Nauliza tu. Na Afande anasema gemu nyingine hazijui kujaza skrini pana, zinaacha weusi kushoto na kulia. Kama mpira wao ni wa namna hiyo, watakaa mbele ya ule uzuri wako wote wakicheza katikati.

Lakini pia huenda nimekosea. Niliwaona siku chache tu. Zile mbio za magari, nilipofikiria zikiwa kwenye skrini yako, kioo cha dereva upande huu na kioo upande ule, barabara imekuzunguka, nilitaka kukaa pale mwenyewe. Mtu anayepita nje Nkoma akiona kitu kama hicho dirishani, anaweza kusimama. Akisimama anaweza kuingia. Kwa hiyo usidhani sina imani na chumba chako. Ninayo, pengine kuliko wewe, ndiyo sababu nimerudi shuleni mikono mitupu, nikavumilia Shangazi aliyenung'unika njia nzima mpaka Mpumudde.

Sikununua. Naomba usipige kelele. Mama Jyoti amekubali kuziweka kadi zote mbili chini ya meza hadi Jumamosi ijayo, jambo ambalo Afande anasema hajamfanyia mtu, na Matroni amenipa ruhusa tena kwa kuwa Shangazi alimwahidi kumshonea sketi. Kama jibu ni mpira, nitachukua giga nane, na kitakachobaki kitanunua kidhibiti cha pili kwa ajili ya wachezaji wawili. Kama ni magari na hizo gemu nzito, nitachukua kumi na mbili. Usiniandikie namba. Nimechoka na namba. Usimwulize Wamono.

Barua hii anakuletea Mama Kakai, yule anayenunua sare kwa Shangazi na kuziuza Mbale. Anarudi Jinja Ijumaa, kwa hiyo mpe jibu Alhamisi jioni kabla hajafunga mizigo yake, wala usimwache akingoja mlangoni kama mara ile.

Nisalimie Baba, umwambie nimetumia akili kama alivyoagiza. Nisalimie Mama, na kama kuna malewa, machipukizi yetu ya mianzi, yaliyokauka, anifungie kidogo, nitamwomba mpishi wa shule anipikie kwa njugu. Nisalimie Bibi, umshike mikono yote miwili unapomsalimu maana hapendi salamu za mbali. Mjomba wa boda umwambie soksi alizonipa bado zipo. Dada yetu mdogo asiguse vitabu vyangu, nimevipanga na nitajua. Mama wa saluni usimsalimie bado.

Mimi mdogo wako ambaye umemchosha na ambaye anakuombea,

Nambozo

Nyuma ya karatasi hii nimeacha wazi makusudi, uandike hapo hapo. Kaka, hao wanafunzi wa Nkoma, umewahi kuwauliza wanataka kucheza nini?